Irja Kettunen na Njia ya Mita Mia Tatu

Daktari alimkataza Eldon Kettunen vitu vitatu siku ile anatoka hospitali: sigara, nyama ya nguruwe ya kukaanga, na sinia la kusukumia theluji. Viwili vya kwanza alivipokea ameinamisha kichwa, kama mtu anayesomewa hukumu aliyoitegemea. Cha tatu kilimfanya amgeukie mkewe, kana kwamba daktari amezungumza lugha ya kigeni na sasa panahitajika mkalimani.

"Sinia?" akauliza. "Hata la plastiki?"

"Hata la karatasi, mzee," akasema daktari.

Irja alimshika mumewe mkono, akatikisa kichwa kwa huzuni inayostahili, akamfunga vifungo vya koti. Uso wake ulikuwa uso wa mke mwema. Lakini kifuani kitu kilikuwa kimeruka kama mwanambuzi aliyefunguliwa kamba asubuhi. Njia nzima ya kurudi nyumbani, huku akiendesha gari taratibu ili mshono wa mumewe usitikisike, aliionea aibu furaha ile na hakuweza kuizuia. Maana Irja alikuwa na miaka sitini na minne, na tangu alipoolewa, kila majira ya baridi, alikuwa akitamani mashine ya kurusha theluji.

Kwao ni kwenye rasi ya Keweenaw, inayojichomeka ndani ya Ziwa Superior kama kidole ndani ya bakuli. Kule theluji haianguki tu, inahamia. Inaingia mwezi wa kumi na moja na kutoka mwezi wa nne, na kuna miaka husahau kutoka. Nyumba yao iko mwisho wa njia ya changarawe yenye urefu wa mita mia tatu na ushee, inayokata katikati ya shamba tupu la nyasi, na upepo wa ziwani hauna mti wa kuuzuia. Njia hiyo Eldon aliifungua kwa sinia tangu ujana wake. Sinia lao ni karai pana la chuma lenye mpini wa kushikwa kwa mikono miwili: unalisukuma likajaa, unaliteleza hadi ukingoni, unalibinua, unarudi. Wanaume wa kule hupimana kwa sinia. Mwenye mashine, alikuwa akisema Eldon, ni mtu wa kusini aliyekuja kula Krismasi akaogopa.

Irja hakuwa mwoga wa mashine. Miaka mingi alipika katika jiko la shule, na humo mlikuwa na mashine ya kukandia unga, kubwa kama ndama, ambayo aliijua kwa sauti kuliko alivyowajua baadhi ya walimu. Akiwa ameipa kisogo, anakata karoti, angeweza kusema unga umezidi maji. Alipostaafu aliwalilia watoto, na akaililia kidogo ile mashine pia, ingawa hilo hakumwambia mtu.

Basi wiki ile ile Eldon aliporudi nyumbani, binti yao wa pekee, Kaisa, alikuja kutoka Marquette, mwendo wa saa mbili kwa gari. Kaisa ni muuguzi, na wauguzi wana namna yao ya kukaa mezani kabla ya kusema jambo. Alikunywa kahawa yake hadi nusu, kisha akasema ameona nyumba ndogo ya kupanga karibu na kwake, ghorofa ya chini, njia inafagiliwa na wenye nyumba. Baba amepasuliwa moyo. Gari la wagonjwa likikwama barabarani, nani atambeba mita mia tatu? Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoumiza, kwa sababu mtu mkali unaweza kumkasirikia.

Eldon alitazama dirishani. Nyumba ile aliijenga yeye na babake, na sauna, bafu lao la mvuke lililo kando yake, ilijengwa kabla ya nyumba, kama ilivyo desturi yao: mtu kwanza apate pa kuoga, ndipo atafute pa kulala. Irja ndiye aliyejibu.

"Njia ikiwa wazi je?"

"Mama, wazi na nani?"

"Nimeuliza, ikiwa wazi je?"

Kaisa akacheka kidogo, akamtazama mama yake kama anavyotazamwa mgonjwa anayetaka kurudi shambani. Wakafanya mapatano. Sikukuu ya Shukrani, mwisho wa mwezi wa kumi na moja, Kaisa angekuja kula bata mzinga. Kama gari lake litafika mlangoni pao, hata hali ya hewa iweje, hatalitaja tena lile jambo mpaka majira ya kuchipua. Kama ataliacha barabarani akatembea kwa miguu, wazee watafunga virago. Wakapeana mikono juu ya vikombe.

Habari kwamba Irja anatafuta mashine ilizunguka haraka, na kila mtu akawa na dini yake. Wa kwanza kuja kuhubiri alikuwa shemeji yake Reino, kaka mkubwa wa Eldon, mwenye kiwanda kidogo cha kupasulia mbao. Reino alikuwa muumini wa pikapu yenye plau mbele, bamba la chuma la kusukumia theluji. Alikaa jikoni, akala vipande kadhaa vya nisu, mkate wao mtamu wa iliki, akaeleza kwamba kurusha theluji ni mchezo wa watoto, theluji husukumwa. Na kwa nini anunue kitu? Yeye Reino yupo, atakuja kumsukumia.

"Utakuja lini, shemeji?"

"Nikimaliza wateja wangu."

"Na moyo wa kaka yako nao usubiri umalize?"

Reino akatafuna. Irja alimmiminia kahawa nyingine, kwa sababu alimpenda, kisha akamkumbusha ule mwaka ambao plau yake ilisukuma theluji kando, ikasukuma tena, kingo zikasimama kama kuta na kusogeleana, hata lori la gesi likakataa kuingia, na wao wakapika kwa kuni za sauna wiki nzima. Reino alisema mwaka ule ulikuwa mbaya. Irja akasema kule mwaka mzuri haujawahi kuzaliwa.

Lakini usidhani alijua anachotaka. Alijua tu kwamba anataka, na huo ni ugonjwa mwingine. Alianza kwenda dukani kwa Lajoie, muuza mashine aliye karibu na daraja, akaenda mara nyingi hata Lajoie akawa anawasha jiko la kahawa akiliona gari lake. Irja alishika kila mpini. Aliinama akachungulia ndani ya bomba la kurushia kama anayetafuta paka. Kulikuwa na mashine ndogo nyekundu, nyepesi kama mkokoteni wa mtoto. Kulikuwa na kubwa ya rangi ya chungwa, isiyo na magurudumu bali mikanda ya mpira kama kifaru cha vita. Na uani kulikuwa na trekta dogo lenye chombo cha kurushia theluji mgongoni. Usiku alizizungumzia kitandani mpaka Eldon akageukia ukutani.

"Mama Kaisa," akasema kule ukutani, "mchagua jembe si mkulima."

"Mimi si mkulima. Mimi nataka binti yangu afike mlangoni."

Baada ya hapo Eldon hakumtania tena, bali alilala macho muda mrefu, na mkewe alijua kwa pumzi yake.

Tatizo lilikuwa moja. Ulikuwa mwezi wa kumi, majani mekundu yangali mitini, na theluji haikuwepo hata ya kujaza kikombe. Lajoie alimwomba aamini maneno yake. Irja alisema anamwamini sana, lakini hata viatu mtu hujaribu. Wakati anasema hivyo alikuwa akikung'uta koti lake, kwa kuwa alipitia kwa Reino kuchukua kuni, na unga wa mbao ulikuwa umemganda mabegani. Akausimamisha mkono wake hewani. Nyuma ya kiwanda cha Reino unga wa mbao ulikuwa umerundikana kwa miaka, mlima mzima, mkavu juu, mbichi na mzito chini.

"Bwana Lajoie," akasema, "hizo mashine zako zinapakiwa kwenye trela?"

Jumamosi yake watu walikuja kama wanaokuja arusini. Hawakualikwa, kule hakuna anayealika, watu husikia tu mlio wa injini wakakumbuka wana shughuli upande ule. Walileta viti vya kukunja na chupa za kahawa, na mtu mmoja akaweka sahani ya nisu juu ya gogo. Reino alikuwa ameutandaza unga wa mbao uwanjani, ukawa na kina cha magoti, akachimba alama ya njia kwa kisigino. Eldon alikalishwa kwenye kiti chenye mto, blanketi magotini, naye akaona haya kama bibi harusi.

Reino alianza na pikapu yake. Ilipendeza, asiyesema kweli mchawi: plau ilishuka, unga ukaviringika kama wimbi, njia ikafunguka kwa pumzi moja, watu wakapiga makofi. Irja akasema vizuri sana shemeji, sasa mwaga mwingine, usukume tena. Akasukuma. Mwaga tena. Ilipofika mara ya nne njia ilikuwa imebakia upana wa punda, na Reino alipotaka kushuka, mlango wa gari uligonga ukingo ukakataa kufunguka, ikabidi atokee upande wa pili. Hakuna aliyecheka kabla yake, ila Eldon, aliyelazimika kujishika kifua.

Likafuata trekta. Lina nguvu, hilo halikuwa na ubishi, lakini chombo chake cha kurushia kiko nyuma, na dereva hurudi kinyumenyume shingo imepinda. Irja alikwenda nalo kutoka mwanzo hadi mwisho, akashuka akitembea kama kuku aliyenyongwa nusu. Akamshukuru Lajoie. Alisema shingo aliyo nayo ni hiyo moja.

Ile nyekundu ndogo ilikimbia juu ya unga mkavu vizuri, ikimwaga kando kama mtu anayepepeta mchele. Ilipogusa tabaka la chini, lile bichi, ikameza, ikakohoa, bomba likaziba. Irja akanyoosha mkono kuelekea kwenye bomba. Lajoie alipiga ukelele ambao haukufanana na wa mwenye duka, akamdaka kiganja, akazima injini. Kisha akavua glavu yake ya kulia na kumwonyesha: vidole viwili vya katikati viliishia kwenye kiungo cha kwanza.

"Unaona, mama? Mimi nilikuwa na haraka kama wewe. Zima, subiri, tumia kijiti. Hata kama nyumba inaungua, kijiti."

Irja alivitazama vile vidole kwa muda. Aliitikia kwa kichwa kama mtoto shuleni.

Ya mwisho ikawa ile ya rangi ya chungwa. Walipoiteremsha, Eldon alisema kwa sauti ya kusikika kwamba ile ni kubwa kuliko mkewe, na haikuwa uongo. Lakini chini ya kila mpini palikuwa na kishikio: ukibana cha kulia inageuka kulia, cha kushoto inageuka kushoto, bila kuisukuma, kama ng'ombe mwenye adabu. Irja akaiwasha. Akainamisha sikio. Sauti ilikuwa nzito, ya chini, sawasawa, na mle ndani akasikia kitu alichokifahamu tangu zamani, sauti ya chombo kinachotaka kazi. Akasukuma mpini, meno ya chuma yakauma, na unga wa mbao ukapaa juu kuliko paa la kiwanda, mkavu kwa mbichi, upinde mzima wa dhahabu katika jua la asubuhi, na Irja akasikia mtu anacheka kwa sauti kubwa na kumbe ni yeye.

Kisha upinde ule ukageuka hewani ukarudi. Hakuwa ametazama upepo. Ukamwagikia viti, kahawa, nisu, majirani, na Eldon na blanketi lake, wote wakawa manjano kama samaki waliopakwa unga kabla ya kutiwa mafutani. Reino alichukua kipande cha nisu, akakipuliza, akala.

"Hii ndiyo," akasema Irja, akipangusa kope. "Nimeiona hii ndiyo." Na akazungusha bomba upande wa pili, akaurudia mstari ule, mara hii upepo ukiuchukua unga na kuutawanya mbali, pasibaki ukingo wala ukuta. Palikuwa na njia tu, na kando yake uwanja uliolala tambarare, upepo ukipita juu bila kupata pa kujikwaa.

Mashine ililetwa kabla mwezi haujaisha. Eldon aliizunguka mara kadhaa, akaipiga teke dogo la heshima, akaenda zake ndani. Irja aliifunika shuka. Kuanzia siku ile aliamka mapema kuliko jogoo, akasogeza pazia, akatazama mbingu. Mwanamke aliyekuwa akisononeka kila chembe ya kwanza ya theluji sasa aliingojea kama msichana anavyongoja barua. Mke wa mchungaji alimuuliza kanisani anaombea nini kwa macho yaliyobanwa vile, naye akafunua kitabu cha nyimbo.

Ikaja. Asubuhi moja kulikuwa na theluji changa, kina cha vidole viwili vitatu, nyeupe kama sukari, na Irja hakunywa hata kahawa.

Sasa, kila mtoto wa kule anajua neno hili kabla hajajua kufunga kamba za viatu: theluji ya kwanza haiondolewi, hukanyagwa. Unaikanyaga kwa miguu, unaipitia kwa gari, ukaishindilia, ikaganda, ikawa sakafu juu ya changarawe. Na juu ya sakafu hiyo ndipo unafanya kazi majira yote. Eldon alikuwa amelisema kila mwaka wa ndoa yao. Irja mwenyewe alikuwa amelisema, kwa mgeni mmoja wa kusini, tena kwa dharau kidogo. Lakini furaha haina masikio. Alishusha meno hadi chini, akasukuma mpini, akaenda.

Mashine ilirusha theluji mita chache, halafu ikaanza kurusha njia yenyewe. Changarawe ziliruka kama popo waliofukuzwa. Moja ikapiga bati la ghala, nyingine sanduku la kuni, ya tatu ikaingia katika dirisha dogo la sauna na kulitoboa. Ndipo ukasikika mlio mkavu, meno yakasimama huku injini ikiendelea kunguruma bure. Pini zilikuwa zimekatika, zile pini laini zinazowekwa makusudi zivunjike zenyewe ili gia zipone.

Eldon alitoka na ndara. Alitazama mstari wa udongo mtupu, akatazama dirisha, akamtazama mkewe aliyesimama na kofia imempanda upande mmoja. Mdomo wake ulitetemeka, na Irja akadhani amekasirika. Kumbe alikuwa akicheka, kicheko kilichoanzia tumboni na kupanda, mpaka akalazimika kuketi kwenye ngazi, na Irja akaja mbio kwa hofu ya ule mshono.

"Miaka yote hiyo," akasema alipopata pumzi, akifuta machozi. "Miaka yote nimesema, mama Kaisa."

"Nyamaza."

"Na mgeni yule wa kusini ukamtukana."

"Nyamaza, mzee wangu, utakufa halafu watasema mimi."

Alicheka naye, lakini mchana, peke yake ghalani, amelala chali chini ya mashine na spana mkononi, hakucheka. Sikukuu ilikuwa wiki ijayo. Aliona nyumba ile ndogo ya Marquette, ghorofa ya chini, dirisha linalotazama magari ya watu, na Eldon ameketi mbele yake hana la kufanya. Alizitoa pini zilizokatika, akatia mpya ambazo Lajoie alimwekea mfukoni bila kuulizwa, akashusha nyayo za mashine, vile vyuma vya kuitelezea, upana wa vidole viwili ili meno yasiguse chini. Vidole vyake viliganda, na nati moja ilimponyoka na kujificha, akaitafuta kwa kupapasa sakafu yote, akisema nayo maneno ambayo mpishi wa shule hasemi.

Theluji iliyofuata ilishuka siku mbili baadaye, nzito, yenye maji kidogo, aina bora ya kushindilia. Safari hii hakugusa mashine. Kutembea daktari hakukukataza. Eldon alitoa viatu vyao vipana vya kutembelea thelujini, wakajifunga, wakashikana mikono, wakaenda hadi barabarani na kurudi, bega kwa bega, hatua za bata, kisha upande mwingine, kisha katikati. Mahali fulani katikati ya shamba Eldon alisimama kupumua, akasema hapa ndipo upepo hukusanya theluji kila mwaka, kwenye bonde hili, ukivuma toka ziwani. Irja alijua, lakini alimwacha amwambie yote. Usiku ule baridi ilikaza, na asubuhi njia iligonga kisigino kama saruji.

Dhoruba ilianza siku moja kabla ya sikukuu. Ziwa lilikuwa halijaganda, na upepo ulipita juu yake, ukajichotea maji na kuja kuyamwaga shambani kwao yakiwa meupe. Ilimwagika usiku kucha. Asubuhi uzio ulionekana vichwa tu. Kaisa alipiga simu: barabara kuu ipo wazi, anaondoka. Hakuuliza kuhusu njia. Irja alimtia bata mzinga kwenye tanuri, akavaa suruali mbili, akaweka kijiti kwenye mkanda kama upanga, akatoka.

Kabla ya yote alirusha konzi ya theluji hewani, akatazama inakoelekea. Kisha akawasha.

Laiti ungeiona. Meno yalizama katika weupe ule, mashine ikainamisha pua ikala, na kutoka bombani ukapanda mti mkubwa wa theluji, ukapinda, ukabebwa na upepo mbali juu ya shamba hadi usione unakoangukia. Irja alikuwa nyuma yake, barafu kwenye kope, anaimba wimbo wa kanisani kwa lugha ya bibi yake, mstari mmoja tu, kwa kuwa ndio alioukumbuka. Chini ya nyayo sakafu yao ilishika, haikutoa hata jiwe. Katika bonde theluji ilimfika kiunoni. Aliikata mara mbili, juu kwanza, halafu chini, kama mtu anayekata keki ya matabaka. Hakusikia uzee mahali popote mwilini.

Mwisho wa njia, penye barabara, palikuwa na kazi ya watu. Plau kubwa ya serikali ilipopita alfajiri ilikuwa imeziba mdomo wa njia kwa ukuta wa theluji ya barabarani, nzito, ya mabonge, yenye chumvi na maji kama uji ulioanza kushika. Kule watu hulaani ukuta huo kwa majina ya aina aina. Mashine iliuma, ikasukuma, ikanung'unika, bomba likaziba.

Mkono wake ulianza kwenda. Ukasimama. Irja akazima, akasubiri mpaka kila kitu kikanyamaza, akachomoa kijiti.

Alizibua, akaendelea, ikaziba, akazibua tena. Alipoinua kichwa alimwona Eldon anakuja taratibu juu ya njia aliyoifungua, mikono mfukoni. Alifika akasimama. Aliutazama ukuta ule, na Irja aliona mabega yake yanaukumbuka.

"Nikushikie kidogo," akasema. "Daktari alikataza sinia. Mashine hakuitaja."

Irja alitaka kumkatalia, na neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini aliuona uso wake. "Huku barabarani upepo unazunguka," akamwambia. "Kila nikirusha unanirudishia machoni, na siwezi kutazama meno na mbingu pamoja. Wewe unajua upepo huu. Simama pale unionyeshe."

Basi Eldon Kettunen akasimama juu ya kichuguu cha theluji, akanyoosha mkono kama bendera, mara kushoto, mara juu zaidi, mara ngoja, na mkewe akazungusha bomba kwa kuufuata ule mkono. Nusu ya ukuta ilikuwa imekwenda walipoliona gari la Kaisa. Lilisimama kando ya barabara, taa zinapepesa. Walimwona ndani, amekaa, mkono kwenye kitasa cha mlango. Akishuka tu, yamekwisha.

Irja hakumtazama tena. Alisukuma, akauma bonge, akarusha, akauma jingine. Pembeni ya jicho aliuona mkono wa Eldon unapungua nguvu lakini haushuki. Bonge la mwisho lilikuwa kubwa kama kondoo, na mashine ililipanda badala ya kulila, ikainua pua. Irja akalala juu ya mipini kwa uzito wake wote, ikashuka, ikalivunja. Theluji iliruka ng'ambo. Mbele ya mashine kulikuwa na lami.

Kaisa alishusha kioo. "Mama, bonde limeanza kuziba tena. Nimeliona toka juu barabarani."

"Basi nifuate," akasema Irja. "Mpakie baba yako."

Akageuza mashine kwa kidole kimoja. Wakapanda hivyo, mwendo wa miguu, Irja mbele na mti wake wa theluji ukipinda juu ya shamba, gari nyuma yake limewasha taa, na Eldon ndani yake ameketi wima, kama msafara wa bibi harusi nyuma ya matarumbeta. Bondeni upepo ulikuwa umelaza kilima kipya. Mashine ilikipita bila kupunguza sauti. Gari lilifika mlangoni, na Irja aliendelea kidogo zaidi, akafungua na pa kugeuzia.

Kaisa alishuka. Alitazama njia yote nyuma yake hadi barabarani, muda mrefu, theluji ikimtua kichwani.

"Ukweli nilitaka kukwama," akasema. "Ningekuwa na amani."

"Najua, mwanangu."

"Gari la wagonjwa lingepita."

"Lingepita, na lingegeuka."

Kaisa akamkumbatia mama yake, koti zima la barafu, akamng'ang'ania kuliko kawaida yake. Akasema mapatano ni mapatano, mpaka majira ya kuchipua. Eldon, aliyekuwa akipanda ngazi, akasema bila kugeuka kwamba huo ni mwezi wa tano, tena kwa bahati.

Bata mzinga alikuwa ameungua mgongo kidogo, wakamla hivyo hivyo. Reino alikuja na viazi, akaifikia nyumba bila kushusha plau, jambo alilolitaja kwa masikitiko. Walikuwa wamefikia pai ya maboga, saa tisa mchana, wakati dirisha lilipogeuka jeupe. Upepo ulikuwa umeamka tena. Irja aliweka uma chini. Eldon akamwambia akae, pai haina miguu, theluji nayo haiendi popote. Irja alisema ndiyo, kweli kabisa, huku tayari anafunga kamba za buti.

"Baba," akauliza Kaisa, "anakwenda kazini au kucheza?"

Eldon alijivutia sahani ya mkewe. Nje injini iliwaka kwa mvuto wa kwanza, na wote mezani wakageuka kuutazama ule mti mweupe ukipanda juu ya shamba, ukipinda kule upepo ulikokwenda.